Kuacha Sukari Kwenye Chai Hakutoshi: Namna ya Kula Ukiwa na Kisukari ili Kuulinda Moyo na Ubongo

Baba yangu aliacha sukari kwenye chai siku ileile alipoambiwa ana kisukari. Hakubembelezwa na mtu. Alirudi nyumbani Uyole, akavua koti, akamwambia mama, "Mama watoto, kuanzia leo kikombe changu usitie sukari." Kwa miaka sita hakurudi nyuma hata siku moja, na kila mgeni aliyeingia alisimuliwa habari hiyo.

Lakini ugali wake ulibaki mlima uleule. Kikopo cha chumvi kilikaa mezani karibu na mkono wake. Vidonge vya presha alivimeza siku kichwa kikimuuma, kikipoa akaviacha. Alfajiri moja ya Julai, baridi ya Mbeya ikiwa kali, kikombe cha ile chai isiyo na sukari kilimponyoka mkononi. Tulipomwangalia, upande mmoja wa uso ulikuwa umelegea na maneno yanatoka kama ya mtu mwenye ugali mdomoni. Kilikuwa kiharusi.

Alipona kwa kiasi, sasa anatembea kwa fimbo. Tangu hapo jiko nalisimamia mimi. Ninayoyaandika hapa nimeyasikia kwa wauguzi na madaktari wa kliniki, nikayasoma, kisha nikayapika siku baada ya siku kwa vyakula vya huku kwetu. Yanamhusu mtu mzima mwenye kisukari cha aina ya pili, na zaidi yule anayempikia. Kipimo cha dawa hakimo humu, hicho ni cha daktari wako.

Kabla ya jiko: sukari inafikaje kwenye moyo?

Watu wengi hudhani kisukari kinaua kwa sukari yenyewe kupanda mno. Hilo hutokea, lakini wagonjwa wengi wa kisukari huondolewa na moyo na mishipa ya damu. Mwenye kisukari ana hatari ya kupata ugonjwa wa moyo au kiharusi ambayo kwa makadirio ya kawaida ni mara mbili ya asiye nacho.

Fikiria mfereji wa maji wa mashamba ya mpunga kule Usangu. Ukingo ukiwa mzima, maji yanapita. Ukingo ukianza kumomonyoka, tope linakwama hapo, majani yanashika kwenye tope, na siku moja mfereji unaziba. Ndani ya mshipa wa damu upo utando laini mno. Sukari iliyozidi hunata kwenye protini za mwili na kuuchubua utando huo. Kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c) kinapima sukari iliyonata namna hiyo kwenye chembe nyekundu za damu. Pale palipochubuka, lehemu mbaya (kolesteroli, mafuta yaliyomo kwenye damu) hupenya na kujikusanya chini ya utando. Presha iliyopanda inapiga ukuta uleule saa 24, inazidi kuumomonyoa. Juu ya hayo, damu ya mwenye kisukari huganda kwa urahisi zaidi. Uvimbe wa lehemu ukipasuka, damu inaganda juu yake na kuziba njia. Ikiziba kwenye mshipa wa moyo, ni shambulio la moyo. Ikiziba kwenye ubongo, ni kiharusi. Na mshipa wa ubongo uliochoshwa na presha unaweza pia kupasuka na kumwaga damu.

Kwa hiyo wanaoharibu mshipa ni watatu: sukari, presha, na lehemu. Baba alipigana na mmoja, tena nusu. Uingereza kulifanyika utafiti mkubwa wa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili, ulianza 1977 na matokeo yake makuu yakatolewa 1998. Kundi lililosimamiwa presha kwa ukaribu lilikuwa na wastani wa 144/82, kundi jingine 154/87. Tofauti hiyo ndogo ilipunguza viharusi kwa asilimia 44. Niliposoma hilo mara ya kwanza niliweka simu chini nikakaa kimya muda mrefu, kwa sababu vidonge vya presha vya baba vilikuwa kabatini wakati wote ule.

Hatua ya 1: Zijue namba zako, uziandike

Nunua daftari dogo. Ukienda kliniki, usitoke bila kuandika haya manne.

Sukari ya asubuhi kabla ya kula: ikifika 7.0 (kwa kipimo cha mmol/L) au zaidi, na kipimo kikirudiwa kikatoa hivyohivyo, hicho ni kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 uko mlangoni. Wastani wa miezi mitatu: asilimia 6.5 kwenda juu ni kisukari, na wagonjwa wengi huwekewa lengo la kukaa chini ya 7. Presha: 140/90 kwenda juu ni ya kupanda, na mwenye kisukari mara nyingi huwekewa lengo la chini ya 130/80. Ya nne ni lehemu. Hiyo usipoiomba unaweza kukaa miaka bila kupimwa, basi iombe walau mara moja kwa mwaka, pamoja na kipimo cha mkojo kuangalia figo.

Mzee sana, au mtu ambaye sukari humshuka ovyo, huwekewa malengo yaliyolegezwa kidogo. Muulize daktari lengo lako wewe ni lipi, aliandike kwenye daftari kwa mkono wake.

Presha usipime ukiwa umetoka kupanda mlima au kushuka kwenye bodaboda. Kaa dakika tano, miguu chini, mkono uegemee meza usawa wa moyo, usiongee.

Hatua ya 2: Toka kwenye sinia, chukua sahani yako

Hii ndiyo hatua iliyokuwa ngumu kuliko zote nyumbani kwetu, tena si kwa sababu ya chakula. Sisi hula pamoja. Ugali unawekwa katikati, mboga pembeni, mikono inaingia. Ni jambo zuri, na baba ndiye aliyetufundisha hivyo. Lakini kwenye sinia hakuna anayejua amekula kiasi gani. Unamega, unaongea, unamega.

Nilipompakulia sahani yake peke yake mara ya kwanza, alinitazama akasema, "Mwanangu, mmeanza kunitenga?" Iliniuma. Dawa tuliyopata ni kwamba wote tulihamia kwenye sahani, na watoto pia, tukikaa mkekani palepale. Kama kwako sinia haliwezi kuondoka, basi mgonjwa achukue sehemu yake kwanza, aiweke kwenye sahani, halafu mkae pamoja.

Sahani iwe ya kawaida, si ile pana ya harusini. Igawe hivi: nusu nzima ni mboga za majani na mboga nyingine zisizo za wanga. Robo ni maharage, njegere, samaki, kuku, yai au nyama isiyo na mafuta. Robo iliyobaki ni wanga, kwa ugali ni kama ngumi yako moja.

Hapo kwenye robo ya wanga ndipo watu wa nyanda za juu tunapopotea, kwa sababu tumebarikiwa wanga wa kila aina. Tuna ndizi za Tukuyu, viazi mviringo vya Uporoto na Njombe, mchele wa Kyela, mahindi ya Iringa, na magimbi. Mtu anaambiwa apunguze ugali, anapunguza ugali, halafu anakula viazi sita pembeni kama mboga. Kiazi ni wanga. Ndizi ya kupika ni wanga, na kadiri inavyoiva ndivyo inavyozidi kuwa sukari. Ukichagua ndizi leo, basi ndizi ndizo zinazokaa kwenye ile robo, wali unasubiri kesho.

Dona nayo nisiipite haraka. Dona ni bora kuliko sembe, kwa sababu ganda na kiini cha mahindi havijaondolewa, zile nyuzi zinachelewesha sukari kuingia kwenye damu na zinasaidia kushusha lehemu. Lakini nimewaona watu wakila dona kama dawa, mlima mara mbili ya ule wa sembe, wakiamini haipandishi. Inapandisha. Ngumi moja ya dona ni ngumi moja ya wanga. Hali kadhalika uji wa lishe unaosagwa kwa nafaka saba na kuuzwa kama tiba ya kisukari. Unga uliosagwa laini, ukapikwa ukawa wa kunywa, huingia kwenye damu haraka kuliko nafaka nzima ya kutafuna.

Makande nayapenda kwa hili. Mahindi ambayo hayakukobolewa yakipikwa na maharage mengi, yaani maharage yasizidiwe na mahindi, ni chakula kinachoshibisha na kupandisha sukari polepole. Weka bakuli dogo na mboga ya majani nyingi pembeni.

Na anza kula mboga na maharage kwanza, ugali ufuate. Jambo dogo, lakini hupunguza kasi ya sukari kupanda baada ya mlo.

Kuhusu mboga zenyewe sina haja ya kukufundisha mtu wa Mbeya au Iringa. Mchicha, chainizi, figiri, majani ya maboga, mnavu, kabichi, zote zipo mwaka mzima na fungu lake ni rahisi kuliko soda. Lengo ni walau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Matunda yale mazima, kwa mfano chungwa moja, kipande cha papai kinachojaa kiganja, tufaa moja dogo la Njombe. Juisi ni machungwa matatu au manne yaliyonyang'anywa nyuzi zake.

Hatua ya 3: Chumvi, na yale magadi kwenye maharage

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, chumvi yote ikiwemo ya kupikia. Hizo hazijai hata kijiko kimoja cha chai. Ukiwa na familia ya watu wanne, maana yake vijiko vinne pungufu kwa siku nzima, kwenye vyungu vyote. Mimi hupima asubuhi kwenye kikopo cha mgonjwa, kikiisha kimeisha.

Ondoa kwanza kikopo cha mezani. Kisha angalia vile vibonge na viungo vya pakiti vya kuongeza ladha ya mchuzi, vimejaa chumvi. Kitunguu saumu, tangawizi, limao, nyanya nyingi zilizokaangwa taratibu na pilipili hufanya kazi hiyohiyo. Wiki mbili za kwanza chakula kitaonekana kimepooza. Baada ya hapo ulimi unazoea, na baba sasa akila hotelini ndiye anayelalamika kwamba chumvi imezidi.

Halafu magadi. Hili sikuambiwa kliniki mpaka nilipouliza mwenyewe. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huku huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Ndiyo maana maharage yanachukua muda mrefu kuiva, mkaa unaisha, na mama zetu walijifunza kutia magadi. Shida ni kwamba magadi yana natiri, ileile iliyomo kwenye chumvi inayopandisha presha. Unaweza kupika maharage bila chembe ya chumvi ukajiona umejitahidi, kumbe natiri umeitia kwa magadi. Ni hivyohivyo kwenye mlenda na kisamvu.

Badala yake, osha maharage jioni, yaloweke kwenye maji mengi usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, weka mapya, chemsha ukifunika sufuria vizuri. Chumvi kidogo na nyanya tia mwishoni yakishalainika, kwa sababu nyanya ikiingia mapema maharage hukawia kuiva. Nikiwa na mkaa kidogo, napika ya siku tatu kwa mkupuo na kuyahifadhi.

Dagaa na samaki wa chumvi waloweke, mwaga maji mara mbili. Usipa mkavu usiotiwa chumvi kutoka Ziwa Nyasa ni bora zaidi.

Hatua ya 4: Mafuta yaingie kwa kijiko

Mafuta hayapandishi sukari papo hapo, ndiyo maana mwenye kisukari huyasahau. Lakini ndiyo yanayogusa lehemu. Mafuta ya alizeti ni mazuri kwa moyo kuliko mawese, samli, siagi au mafuta ya nguruwe. Najua ndugu zetu wa Kyela wanaipenda mawese, na mimi naipenda, ila karibu nusu yake ni mafuta ya aina inayopandisha lehemu mbaya. Iwe ya siku mojamoja.

Kumimina kutoka kwenye dumu ndiko kunakotuponza. Tumia kijiko cha chakula: vijiko viwili vya alizeti vinatosha sufuria ya mboga ya watu wanne. Mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi au maandazi usiyarudie mara ya tatu na ya nne mpaka yawe meusi. Chipsi za barabarani mara nyingi hukaangwa kwenye mafuta ya namna hiyo, na ndani yake ni kiazi, na juu yake ni chumvi. Kama kuna chakula kimoja ningemwomba mwenye kisukari akiache kabisa kabla ya vingine vyote, ni chipsi. Kitimoto cha kukaanga kinafuata.

Parachichi tumepewa Rungwe na Njombe kwa wingi mpaka yanaanguka chini. Mafuta yake ni rafiki wa moyo na wanga wake ni mdogo. Nusu ya parachichi kwa mlo inatosha, tena ikae badala ya mafuta mengine, isiongezwe juu ya mboga iliyokwisha kuogelea kwenye mafuta. Karanga za kuchemsha, kiganja kimoja. Samaki wa ziwani, wa kuchoma au kuchemsha, mara mbili au zaidi kwa wiki kama mfuko unaruhusu.

Mwenye figo zilizokwisha kuathirika aulize kwanza kliniki kuhusu parachichi, ndizi na maharage, maana kwake hesabu hubadilika.

Hatua ya 5: Unachokunywa

Wakati wa baridi huku kwetu chai hainyweki moja. Vikombe vitano kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, ni vijiko 15, kama gramu 60 za sukari. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mwenye afya asizidi gramu 50 hivi kutoka vyanzo vyote, na heri akae chini ya 25. Chupa ya soda ya mililita 350 ina takriban vijiko tisa. Asali ni sukari pia, hata ikiwa ya nyuki wako mwenyewe.

Punguza kijiko nusu kila wiki kama kuacha ghafla kunakushinda. Tia tangawizi, mdalasini, mchaichai. Chai ya Rungwe ina ladha yake ukiipa nafasi.

Pombe inapandisha presha, na kwa anayetumia insulini au baadhi ya vidonge inaweza kushusha sukari usiku akiwa amelala. Ulanzi ule mbichi mtamu unapandisha sukari, uliochacha unalewesha. Komoni nayo ni nafaka. Kama huwezi kuacha, zungumza na daktari kwa ukweli, na usinywe kamwe tumbo likiwa tupu.

Hatua ya 6: Usiruke mlo halafu ukameza dawa

Mkulima anaamka saa kumi na moja, anameza dawa za sukari, anachukua jembe, atakula saa nane. Kama dawa yake ni insulini au vidonge vya jamii ya glibenklamidi, sukari inaweza kushuka chini ya 4.0 akiwa shambani peke yake. Atatetemeka, atatoka jasho la baridi, moyo utaenda mbio, atachanganyikiwa. Sukari ikishuka sana moyo wenyewe hutaabika.

Kula kwanza. Beba mfukoni sukari iliyofungwa kwenye karatasi. Dalili zikianza, vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Hapo soda ni dawa. Subiri dakika 15, pima kama una kipimo. Bado iko chini, rudia. Ikipanda, kula chakula. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Hatua ya 7: Dawa humezwa hata siku unajisikia vizuri

Presha haiumi. Baba aliipima kwa kichwa, kichwa kisipouma yeye amepona. Nyumbani kwetu kosa hilo ndilo lililotugharimu kuliko ugali wote. Dawa ya presha inalinda mshipa kwa sababu inamezwa kila siku, saa ileile.

Wenye kisukari waliofika miaka 40 mara nyingi huandikiwa pia statini, dawa ya lehemu, hata kama lehemu yao haijapanda sana, kwa sababu mishipa yao tayari iko hatarini. Usishangae ukipewa, na usiiache kwa sababu jirani alisema inaharibu ini. Ukiona misuli inauma isivyo kawaida, rudi ukaseme. Aspirini usijianzie mwenyewe. Ukitumia mizizi au majani ya dawa, mwambie daktari, wala usiyaweke badala ya vidonge.

Sigara na ugoro, acha. Hilo halina maelezo marefu.

Hatua ya 8: Tembea baada ya kula

Dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa siku tano, ya kutembea kwa kasi inayokufanya upumue lakini uweze kuongea. Kilima cha Mbeya kinahesabika. Kulima kunahesabika pia, ila wengi wetu hulima kwa msimu na kukaa miezi iliyobaki. Matembezi ya dakika 10 au 15 mara baada ya mlo wa jioni yanasaidia misuli kuchota sukari kwenye damu. Anayepata maumivu ya kifua akipanda mlima asijikaze, aende kupimwa kwanza. Na vaa viatu vilivyofunika vidole, kagua miguu kila usiku, kwa sababu kisukari kinachoharibu mishipa ya moyo huharibu pia ile inayolisha miguu.

Hatua ya 9: Bandika karatasi ukutani

Hata ukifanya yote, siku inaweza kuja. Nyumbani kwetu karatasi iko nyuma ya mlango wa jiko, kwa maandishi makubwa ambayo hata mjukuu wa darasa la tatu anayasoma.

Mwambie atabasamu: upande mmoja wa uso umelegea? Mwambie anyanyue mikono yote miwili: mmoja unashuka? Mwambie aseme sentensi: maneno yanaburuzika? Moja tu kati ya haya likionekana, ni hospitali sasa hivi, hata kama limepita baada ya dakika chache. Ganzi ya ghafla upande mmoja, kutoona ghafla, au kichwa kupasuka kwa maumivu ambayo hajawahi kuyapata, ni hospitali vilevile.

Shambulio la moyo hubana kifua, maumivu yakaenda mkono wa kushoto au taya. Lakini mwenye kisukari anaweza asisikie maumivu hayo kabisa, kwa kuwa neva zake zimefifia. Kwake linaweza kuja kama kuishiwa pumzi, jasho jingi, kichefuchefu, au uchovu wa ghafla usio na sababu. Usiseme ni vidonda vya tumbo mkasubiri asubuhi.

Mwenye dalili za kiharusi usimpe maji, chakula wala kidonge chochote, hata cha presha, maana anaweza kushindwa kumeza na kikaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu kama anatapika. Kama kuna kipimo cha sukari, pima, kwa sababu sukari iliyoshuka sana huiga kiharusi. Usimkande kwa mafuta, msianze kujadili nani amemtupia nini. Andikeni saa: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, inafaa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na daktari hawezi kuamua bila kujua saa hiyo.

Mstari wa juu kabisa kwenye karatasi yetu, juu ya hayo yote, ni namba ya simu ya dereva wa bajaji anayelala mtaa wetu na ya jirani yake mwenye gari. Alfajiri ile ya baba tulipoteza dakika 40 barabarani na tochi tukitafuta usafiri.